Mtoto mkimbizi wa kulea: Nani anashika faili yake?

Kuna watoto wanaoingia Kenya wakiwa hawana baba wala mama kando yao. Wengine walitengana na wazazi wakikimbia vita Somalia, Sudan Kusini, Ethiopia au mashariki mwa Kongo. Wengine waliwazika wazazi kabla ya kufika mpakani.

Jambo hili si la jana. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 na ya Kakuma mwaka 1992, na miongoni mwa waliotangulia kufika Kakuma walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliosafiri kwa miguu bila wazazi. Kufikia mwaka 2025 wakimbizi na waomba hifadhi walioandikishwa nchini walikuwa wamezidi 800,000. Si wote wanaokaa kambini. Wengi wako Nairobi, na kati yao wamo watoto wanaolelewa na jamaa wa mbali, na watu waliotoka nao kijiji kimoja, au na familia zilizokubali kuwapa malezi ya muda.

Huenda wewe ni mlezi wa mtoto kama huyo, au mwalimu wake, au jirani anayeombwa ushauri akiugua. Leo tuzungumze juu ya matibabu yake.

Mara nyingi mtoto huyu hakosi watu wa kumhudumia. Ana mlezi, afisa wa watoto, mfanyakazi wa shirika la wakimbizi, mwalimu, muuguzi wa zahanati na daktari wa hospitali kubwa. Shida ni kwamba kila mmoja anajua kipande kimoja tu cha habari zake. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kila nahodha hudhani ni mwenzake aliyeshika usukani.

HABARI HUPOTEA VIPI?

Mtoto wako wa kumzaa ana kumbukumbu inayotembea, nayo ni wewe. Wewe unajua alizaliwa lini, aliwahi kupata degedege au la, ni dawa gani ilimtoa vipele, na ni ugonjwa gani uko katika ukoo. Mtoto wa kulea alipoteza kumbukumbu hiyo siku alipotengana na mamake.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kike wa miaka 6, mzaliwa wa Kongo, mwenye ugonjwa wa selimundu. Kambini alikuwa akipewa dawa za kuongeza damu na za kumkinga na malaria. Anahamishiwa Nairobi, na mlezi mpya anaambiwa tu kwamba mtoto "ana damu kidogo". Dawa zinaisha na hakuna anayeuliza. Baada ya majuma kadhaa mtoto analia miguu inamuuma, na nyumbani wanafikiri amechoka kwa kucheza. Kisha anapata homa usiku, na wanampa dawa ya kutuliza maumivu wakisubiri kuche.

Kwa mtoto mwenye selimundu, homa ya nyuzi 38.5 au zaidi ni dharura. Wengu wake haumkingi vizuri, na viini vikiingia katika damu vinaweza kumuua kwa muda wa saa chache. Neno moja tu, selimundu, likiwa limeandikwa mahali ambapo mlezi anaweza kuliona, mtoto huyo angefikishwa hospitali usiku huo huo.

Ni hivyo hivyo kwa mtoto aliye katikati ya matibabu ya kifua kikuu, ambayo huchukua miezi kadhaa. Akiyakatiza kwa sababu amehamishwa nyumba, ugonjwa unaweza kurudi, na pengine viini vikawa sugu kwa dawa. Naye mtoto wa kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata kifafa kisichokoma.

JINA NA TAREHE YA KUZALIWA

Mara nyingi faili hupotea kwa sababu ya jina. Jina la Kisomali kwa kawaida huwa na sehemu tatu: la mtoto mwenyewe, la babake na la babu yake. Akiandikishwa kambini kwa majina hayo, kisha zahanati ya mtaani ikamwandika kwa jina la baba mlezi, tayari amekuwa watoto wawili katika vitabu.

Tarehe ya kuzaliwa nayo aghalabu ni ya kukisiwa, na wengi huandikwa Januari 1. Usibuni tarehe nyingine kila unapofika hospitali mpya. Tumia jina na tarehe zilizo katika karatasi yake ya ukimbizi, hata kama unashuku tarehe hiyo, kisha mweleze daktari kwamba umri ni wa kukisiwa. Daktari atampima uzito, kwani dozi nyingi za watoto huhesabiwa kwa kilo.

YA KUFANYA

1. Mteueni mtu mmoja wa kushika faili. Afadhali awe mlezi anayeishi na mtoto. Nunua daftari gumu. Katika ukurasa wa kwanza andika jina, nambari ya ukimbizi, lugha anayosema, magonjwa anayojulikana kuwa nayo, dawa anazotumia na dozi zake, na dawa zinazomdhuru. Andika pia simu ya afisa wa watoto na ya mfanyakazi wa shirika anayemshughulikia. Kila mhudumu wa afya anayemwona aandike humo alichokiona, alichompa na tarehe ya kurudi. Usitupe hata karatasi iliyochanika.

2. Mpeleke akachunguzwe hata kama haonekani mgonjwa. Fanya hivyo katika majuma ya kwanza. Akiwa na homa, kikohozi kisichoisha, kuhara au udhaifu, mpeleke siku hiyo hiyo. Omba apimwe uzito na kimo, macho, masikio na meno, na aangaliwe upungufu wa damu, minyoo, kichocho na kifua kikuu. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa pia mzingo wa mkono. Ukiwa chini ya sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu mara moja. Kwa msichana aliyetoka katika jamii inayokeketa, mwambie daktari faraghani ikiwa ana shida ya mkojo au ya hedhi. Na ikumbukwe kwamba kumkeketa mtoto, au kumvusha mpaka ili akakeketwe, ni hatia chini ya sheria ya mwaka 2011.

3. Kamilisha chanjo. Kanuni ni mbili. Chanjo iliyoandikwa kwenye kadi ihesabiwe, hata kama ilitolewa nchi nyingine. Chanjo isiyo na ushahidi ihesabiwe kwamba haikutolewa. Ratiba iliyokatika haianzwi upya, huendelezwa ilipoachwa. Wazazi wengi huogopa mtoto "kuzidishiwa" chanjo, lakini kwa mtoto mwenye afya dozi ya ziada ya surua au ya polio kwa kawaida haina madhara, ilhali kuikosa kuna hatari. Kenya hutoa chanjo ya surua na rubella katika miezi 9 na 18. Aliyezikosa zote mbili anaweza kupewa ya kwanza sasa, na ya pili baada ya wiki 4 au zaidi. Msichana wa miaka 10 hadi 14 asikose kinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019. Uliza pia juu ya chanjo ya homa ya matumbo, iliyoanza mwaka 2025.

4. Tafuta mkalimani mtu mzima. Usimtumie dada yake wa miaka 9 kumwambia daktari mahali kaka anapoumwa. Mtoto mkalimani huficha mambo ya aibu, hukosea majina ya dawa, na hubebeshwa habari zisizo za umri wake. Mashirika ya wakimbizi huwa na wakalimani wa Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kidinka, Kinuer na lugha nyinginezo, basi omba kabla ya siku ya miadi. Hata kwa mtoto wa Kongo anayesema Kiswahili, hakikisha ameelewa, kwa maana Kiswahili cha Bukavu si cha Nairobi neno kwa neno.

5. Jua nani anatoa idhini. Usingoje mtoto afike mlango wa chumba cha upasuaji. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua malezi ya familia, na hata kafala inayofuatwa na Waislamu. Muulize afisa wa watoto: karatasi zangu zinaniruhusu kuidhinisha nini? Upasuaji usio wa dharura nani atautia sahihi, na nani atalipa? Kwa upimaji wa virusi vya Ukimwi, sheria ya mwaka 2006 kwa kawaida inataka idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi wa kisheria. Jambo la dharura ni tofauti. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi Mkenya, kinasema mtu. Kwa hivyo usikae nyumbani na mtoto anayepumua kwa shida kwa kuogopa kwamba karatasi hazijakamilika.

6. Tunza siri. Kushirikiana si kutangaza. Mwalimu anahitaji kujua kwamba mtoto ana kifafa na afanye nini akianguka. Hahitaji kujua jinsi babake alivyouawa. Kila mtu apewe kile anachohitaji kwa kazi yake, basi.

MOYO NAO HUUGUA

Mtoto aliyeona vita huenda asiseme anahuzunika. Ataumwa tumbo kila asubuhi, atakojoa kitandani akiwa na miaka 9, atashtuka mlango ukibamizwa, au ataficha chakula chini ya mto. Usimchape wala usimcheke. Lakini pia usikimbilie kusema ni mawazo tu. Kukojoa kitandani kunaweza kutokana na maambukizi ya mkojo, kufunga choo au kisukari, na vipimo vyake ni rahisi. Mwili ukiangaliwa na shida ikabaki, omba apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto.

Usimlazimishe kusimulia yaliyompata. Kila ofisi mpya humtaka aanze hadithi upya, na kila mara kidonda hutoneshwa. Daftari lako linaweza kumwepusha na hilo: yaliyokwisha kuandikwa yasomwe, asiulizwe tena. Wakati huohuo, mpe ratiba ya kula na kulala isiyobadilika, mrudishe shuleni mapema, na umwambie ukweli kuhusu mahali atakapokuwa kesho.

SIKU YA KUHAMA

Siku ya hatari zaidi kwa faili ni ile mtoto anapobadilisha nyumba. Labda jamaa yake amepatikana Garissa, labda amekubaliwa kwenda kuishi nchi nyingine, labda malezi ya muda yamefika mwisho. Nguo zitafungwa na viatu vitatafutwa, lakini dawa zitaachwa juu ya kabati.

Juma moja kabla ya safari rudi kliniki. Omba barua ya rufaa yenye magonjwa, dawa, chanjo na tarehe ya miadi ijayo, pamoja na dawa za kutosha mwezi mmoja. Bakia na nakala. Kisha mkabidhi mlezi mpya daftari mkononi, umsomee ukurasa wa kwanza. Na ikiwezekana mpigie simu baada ya siku saba umuulize: alimeza dawa? Amepata kliniki?

Hukuchagua vita vilivyomtoa mtoto huyu kwao, na huenda hutajua mwisho wa safari yake. Lakini kwa miezi au miaka atakayokuwa chini ya paa lako, unaweza kuwa ndiwe mtu pekee duniani anayejua kwamba penisilini humtoa vipele. Liandike neno hilo leo jioni. Na ukiona mtoto wa kulea anadhulumiwa au ananyimwa matibabu, piga simu nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na haina malipo.