Deni la Siku 100

Ndugu msomaji, leo chukua kalamu na karatasi. Somo letu ni la msamaha, lakini lina hesabu ndani yake.

Tuseme ng'ombe wa jirani yako wameingia shambani usiku, wakala mahindi nusu eka. Asubuhi jirani amekuja kuomba radhi, wewe umemfukuza. Sasa hamsalimiani. Watoto mmewakataza kucheza pamoja. Jumapili mnakaa kanisa moja, na wote mnasali Baba Yetu.

Haya, tufungue Injili ya Mathayo, sura ya 18. Petro alimwuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi. Yesu akatoa mfano. Mtumishi mmoja alidaiwa na mfalme talanta 10,000. Alipomsihi, mfalme alimhurumia, akalifuta deni lote. Mtumishi yule kutoka nje tu, akakutana na mwenzake ambaye alimdai dinari 100. Akamkaba koo, akamtia kifungoni. Mfalme aliposikia alikasirika sana.

Tupige hesabu. Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku 1. Talanta 1 ilikuwa kama dinari 6,000. Basi:

10,000 x 6,000 = dinari 60,000,000.

Ukifanya kazi siku 300 kila mwaka:

60,000,000 ÷ 300 = miaka 200,000.

Nani ataishi miaka hiyo? Deni lile halilipiki.

Sasa tazama deni la pili. Dinari 100 ni kazi ya siku 100. Hilo nalo si dogo. Yesu hakusema kwamba mahindi yako si kitu. Anataka uliweke kosa la jirani kando ya yale uliyosamehewa na Mungu, halafu ulinganishe.

Wengine huuliza, "Nikisamehe, hasara yangu je?" Kusamehe siyo kuficha kosa. Mwite mwenyekiti wa kijiji na bwana shamba, hasara ipimwe, mpatane namna ya kulipa. Lakini chuki iondoe, na salamu irudi.

Tarehe 13 Mei 1981 mtu mmoja alimpiga risasi Papa Yohane Paulo wa Pili huko Vatikani. Papa alimsamehe. Desemba 1983 alikwenda gerezani, akaketi naye, wakazungumza. Papa alipoondoka, mfungwa alibaki gerezani. Sheria iliendelea na kazi yake, na msamaha ukafanya kazi yake.

Basi, ndugu msomaji, usingoje Jumapili. Leo jioni piga hodi kwa jirani yako. Ukikosa maneno, anza na salamu tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini deni la talanta 10,000 halikuweza kulipwa?

2. Kusamehe na kudai fidia vinaweza kwenda pamoja? Toeni mfano wa kijijini kwenu.

3. Kibarua wa siku 1 kwenu hulipwa shilingi ngapi? Zidisha kwa 100. Je, ungeweza kusamehe deni hilo?