SOMO: GHALA LA TAKWIMU NA HATI YAKE YA UJENZI

Watumishi wa umma waliopata kufanya kazi masjala wanaijua kanuni hii: jambo lisilo na dokezo ndani ya jalada ni vigumu kulithibitisha. Somo hili, linaloandikwa Makole, Dodoma, linaeleza namna kanuni hiyo inavyoyahusu maghala ya takwimu yanayokodishwa katika kompyuta za mbali, maarufu kwa jina la wingu.

Kwa kupima ukubwa wa mzigo tu, na tuichukue Sensa ya 2022. Makarani walikusanya majibu kwa vishikwambi, na wakahesabiwa watu 61,741,120 Tanzania nzima, wakiwemo 1,889,773 wa Zanzibar. Mzigo wa kadiri hiyo ukiwekwa katika ghala la wingu huhitaji majedwali, nguvu ya kompyuta ya kuyapekua, na ruhusa za watumiaji. Yote hayo mtaalamu aweza kuyafungua kwa kubonyeza vitufe. Lakini akihamishwa kituo cha kazi, ni nani atakayejua fulani alipewa ruhusa gani, na kwa sababu ipi? Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inazilinda habari za mtu mmoja mmoja. Ruhusa iliyosahauliwa ni mlango ulioachwa wazi.

Dawa yake ni kuandika. Programu ya Terraform, iliyotolewa mwaka 2014 na kampuni ya HashiCorp ya Marekani, husoma faili lenye maelezo ya ghala linalotakiwa, hulilinganisha na lililopo, kisha hutoa mpango wa kitakachoongezwa, kitakachobadilishwa na kitakachofutwa. Mkuu wa kazi huusoma na kuuidhinisha kabla haujatekelezwa, kama afanyavyo kwa hati ya malipo. Faili likitunzwa kwa programu ya Git, kila rekebisho hubakia na jina la mwandishi wake na tarehe.

Fedha nazo huokolewa. Katika ghala la Snowflake nguvu ya kompyuta hutozwa kwa sekunde, zisizopungua 60 kila inapowashwa, na kwa kawaida hujizima baada ya sekunde 600 bila kazi. Ukiandikwa mstari mmoja wa kuipunguza 600 iwe 60, serikali haitalipia dakika tisa za taa katika chumba kitupu.

Hata hivyo, mpango usisomwe kwa pupa. Yapo marekebisho, kama kulihamishia ghala nchi nyingine, ambayo programu huyatekeleza kwa kulifuta la zamani na kujenga jipya, tupu. Faili hurudisha kuta na milango, mzigo haurudishi. Kwa hiyo majedwali muhimu yaandikiwe katazo la kufutwa, na nakala ya takwimu zenyewe iwekwe mahali pengine. Vilevile faili la kumbukumbu, ambamo Terraform huorodhesha ilivyojenga, huweza kuwa na nywila zinazosomeka wazi. Hilo lisisambazwe pamoja na hati nyingine. Lifungiwe, na wenye ufunguo wawe wachache wanaojulikana kwa majina.