Jumatano: Kabla ya Kung'oa Nanga

Soma Matendo 27:9–20. Ni akina nani waliokata shauri kwamba safari iendelee, nao walitegemea nini?

Siku ya Kufunga ilikuwa imekwisha kupita, maana yake majira salama ya kusafiri katika bahari ile yalikuwa yameisha. Paulo alionya. Akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, na upepo wa kusini ulipovuma polepole kila mtu aliona shauri limekubalika. Kisha ikaja tufani.

Angalia walichotumia humo tufanini. Fungu la 17 linataja kamba walizoizungushia merikebu ili isipasuke; fungu la 29 linataja nanga nne walizozitupa nyuma usiku. Kamba hizo hazikusukwa katikati ya mawimbi. Kuna mtu bandarini, ambaye Luka hamtaji, aliyezipakia. Merikebu ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu.

Kanisa letu lilijifunza habari hii kwa uchungu. Mwaka 1886 John Tay, mwashiriki aliyewahi kuwa seremala wa merikebu, alifika kisiwa kidogo cha Pitcairn katika Bahari ya Pasifiki kwa kuomba nafasi katika vyombo vya wengine. Wenyeji waliipokea Sabato, wakaomba kubatizwa. Tay hakuwa mchungaji aliyewekewa mikono, kwa hiyo alirudi nyumbani kuomba msaada. Mwaka 1888 akatumwa Mchungaji A. J. Cudney. Hakupata merikebu ya kwenda huko, akasafiri hadi Honolulu, na hapo ikapatikana merikebu ndogo iitwayo Phoebe Chapman. Iling'oa nanga mwishoni mwa Julai. Tay alimngoja Tahiti, wakaondoke pamoja kwenda Pitcairn. Akangoja miezi. Cudney na wenzake hawakuonekana tena.

Tusiseme kwamba Cudney alikosa imani. Alikuwa nayo ya kutosha kupanda chombo kilichopatikana. Swali liliwarudia waliomtuma: je, tunaweza kuwatuma watu baharini bila kuwapa merikebu ya kufaa?

Jibu lao lilikuwa kujenga. Fedha zilitoka kwa Shule za Sabato, darasa kwa darasa, senti kwa senti. Watoto waliuza bisi ili wawe na cha kutoa. Kazi ilifanyika Benicia, California, katika kiwanda cha Matthew Turner, mjenzi wa merikebu aliyejulikana sana katika pwani ile. Chombo kilikuwa na milingoti miwili, urefu wa mita 30 hivi na upana wa mita 8 hivi. Kikaitwa Pitcairn.

Sasa tazama tarehe. Merikebu ilishushwa majini Julai 28, 1890. Iliwekwa wakfu Oakland Septemba 25. Iliondoka Oktoba 20. Tangu kushushwa hadi kuondoka ni juma 12 kamili, na wakati huo wote watu kule kisiwani walikuwa wanangoja ubatizo.

Waliokulia Lamu, Pemba au Bagamoyo hawatashangaa. Wanajua kwamba chombo cha mbao kikielea bado si chombo cha safari. Kabla ya kushushwa, mishono kati ya mbao imejazwa kalafati, ile pamba yenye mafuta inayopigiliwa kwa nyundo. Lakini ni maji yenyewe yanayoonyesha mshono uliosahauliwa. Milingoti inasimamishwa, kamba zinakazwa, zinalegea, zinakazwa tena. Farumi, yaani uzito wa kukalisha chombo, inapangwa chini. Ikikaa vibaya, chombo kitalala upande siku ya upepo mkali. Matanga hujaribiwa karibu na nchi, ambako kosa hugharimu aibu tu. Halafu maji ya kunywa, chakula, dira, zamu za usiku, na baharia kumzoea baharia mwenzake.

Mbele yao hapakuwa na bandari ya kurekebisha kilichosahauliwa. Kapteni J. M. Marsh, mabaharia wake, na wamishonari watatu pamoja na wake zao, yaani Gates, Read na Tay yule yule, walikaa baharini siku 36. Walifika Novemba 25, na watu 82 wakabatizwa.

Tunapoisimulia habari hii kanisani kwa kawaida tunaikimbilia hesabu ya ubatizo. Ni haki kuifurahia. Hata hivyo zile juma 12 za bandarini zinastahili kutazamwa pia, maana hakuna anayepiga makofi mshono ukijazwa kalafati, na aliyeukagua huenda asiione Pitcairn maishani mwake. Naye Tay, aliyejua maana ya kungoja chombo kisichofika, alipanda hiki cha pili.

Soma Luka 14:28–30. Anayeketi kuhesabu gharama anachelewesha kazi, au ameshaianza?

Tafakari: Yuko mtu ambaye darasa lako au kanisa lako limemtuma, pengine mwinjilisti wa vitabu, mwalimu wa watoto, au kijana aliyekwenda kufungua kundi jipya kijiji cha mbali. Alipoondoka mlimpa nini zaidi ya maombi? Ni mshono gani unaoujua wewe, ambao haujajazwa bado?