Somo kwa Makatibu: Kompyuta Ikizimwa, Hesabu Zabaki?

Chama cha msingi cha Tabora kinachoweka uzito wa marobota ya tumbaku katika kompyuta hakina budi kujua jambo moja kabla ya msimu wa masoko: mashine ikizimwa ilhali programu ya hesabu ingali wazi, maandishi ya mwisho huenda wapi? Robota likipotea daftarini, mkulima hukosa malipo yake.

Mfumo wa Windows, unapoamriwa kuzima, hauzikatizi programu papo hapo. Huiuliza kila moja kama iko tayari, kisha huiarifu kwamba kazi inafungwa, na huipa sekunde 5 hivi kujibu. Tangu toleo la Vista la mwaka 2007, programu inayokawia hutajwa kwenye kioo, na mtumiaji aweza kuamuru izimwe kwa nguvu. Hapo ndipo hasara huingia, kwani mwenye haraka hubonyeza bila kusoma.

Jaribio lifanywe kwa nakala, katika mashine isiyo na hesabu halisi. Katibu aandike marobota 10 ya kubuni na kuyahifadhi, aanze la 11 bila kulihifadhi, kisha azime kwa amri ya kawaida. Programu njema itamuuliza, au italirudisha la 11 mashine iwashwapo. Ikilipoteza kimya kimya, hiyo ni kasoro. Ikiyaharibu hata yale 10, isipelekwe sokoni kamwe.

Jaribio lirudiwe stakabadhi ikiwa inachapwa, na tena kwa kuchomoa waya, maana umeme ukikatika programu haiulizwi chochote. Matokeo yaandikwe kwa kalamu, pamoja na tarehe na toleo la programu, akabidhiwe fundi.