Mwalimu na Kocha Wanajifunzaje Kazi Yao? Maswali na Majibu Kuhusu Mafunzo Endelevu Kazini

Mafunzo endelevu kazini ni ujifunzaji wote anaoupata mtaalamu baada ya mafunzo tarajali, yaani yale ya chuoni yanayomwandaa kabla ya kukabidhiwa darasa au kikosi. Katika Afrika Mashariki suala hili limepata uzito mpya, kwa kuwa mitaala mipya inadai ufundishaji unaojenga umahiri badala ya kukaririsha, na mashirikisho ya michezo nayo yanazidi kudai leseni kwa kila anayekalia benchi la ufundi. Majibu yafuatayo yanawatazama walimu na makocha kwa pamoja.

Kwa nini mwalimu wa darasani na kocha wa michezo wajadiliwe pamoja?

Sababu ya kwanza ni kwamba katika shule nyingi za ukanda huu mtu huyo ni mmoja. Mwalimu anayefundisha Jiografia asubuhi ndiye anayesimamia mazoezi ya mpira wa miguu, netiboli au riadha jioni, na nchini Tanzania ndiye anayeiandaa timu ya shule kwa mashindano ya UMITASHUMTA, ikiwa ni ya msingi, au UMISSETA, ikiwa ni ya sekondari. Kwa mfano, Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ayalandi aliyefika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's mjini Iten, Kenya, mwaka 1976 ili kufundisha Jiografia, hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Aliujifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia na kuwasikiliza, mwaka baada ya mwaka, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012.

Sababu ya pili imo katika asili ya kazi zenyewe. Wote wawili hufanya maamuzi mengi kwa muda mfupi, mbele ya watu ambao hawafanani kwa uwezo wala kwa hamu, na hawapati nafasi ya kusitisha kazi ili wakasome kitabu. Donald Schön, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu mtaalamu anayetafakari, alitofautisha tafakuri inayofanyika kazi ikiendelea na ile inayofanyika baada ya kazi kwisha. Mwalimu anayebadilisha swali baada ya kuona nyuso za wanafunzi zimeduwaa, na kocha anayebadilisha mfumo dakika ya 60, wote wako katika tafakuri ya aina ya kwanza. Wanachokikosa mara nyingi ni ile ya pili, kwa sababu hakuna aliyewatengea muda wala mtu wa kutafakari naye.

Mtu huanza lini kujifunza ualimu au ukocha?

Huanza mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwanasosholojia Dan Lortie, mwaka 1975, alieleza kwamba kila anayeingia ualimu amekwisha kutumia maelfu ya saa akiwa mwanafunzi akiwatazama walimu wake, na hali hiyo inaweza kuitwa uanagenzi wa kutazama. Kasoro yake ni kwamba mtazamaji huona matendo bila kuona sababu: huona mwalimu akiandika ubaoni na darasa likinakili, lakini haoni maandalizi wala mashaka yaliyotangulia. Kocha aliyekuwa mchezaji amepitia uanagenzi uleule, na ndiyo maana zoezi la kukimbia mizunguko ya uwanja kama adhabu hurithiwa kizazi hadi kizazi bila mtu kuuliza linajenga nini. Kwa hiyo mafunzo kazini hayamkuti mtu akiwa mtupu. Humkuta ana imani zilizokomaa, na mafunzo yasiyozigusa imani hizo huziacha palepale hadi siku ya kurudi kazini.

Kwa nini semina nyingi hazibadilishi kinachofanyika darasani au uwanjani?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na jibu lake limejulikana kwa zaidi ya miaka 40. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa Marekani waliochapisha kazi zao mwanzoni mwa miaka ya 1980, walibainisha hatua tano za mafunzo yanayofika kazini: kueleza nadharia, kuonyesha mbinu kwa vitendo, kuwapa washiriki nafasi ya kuijaribu, kuwapa mrejesho wa walivyoijaribu, na hatimaye kuwafuata mahali pao pa kazi na kuwasaidia wanapoitumia. Hatua hii ya mwisho waliichukulia mfano wake kutoka michezoni, wakasema kwamba mwalimu anayejifunza mbinu mpya anahitaji kocha kama mwanamichezo anavyomhitaji. Semina ya kawaida huishia kwenye hatua ya kwanza, pengine ya pili. Washiriki husaini mahudhurio, hupokea posho na kurudi shuleni, ambako mbinu mpya hukutana na darasa la wanafunzi 80 na kushindwa siku ya kwanza. Kushindwa huko ni jambo la kawaida, kwa kuwa ustadi wowote mpya hupunguza ufanisi kabla ya kuuongeza, na anayeachwa peke yake katika kipindi hicho hurudi kwenye alichokizoea.

Mfumo wa ngazi huongeza tatizo hilo. Katika mfumo huo wakufunzi wa taifa huwafundisha wa mkoa, wa mkoa huwafundisha wa wilaya, na mwalimu wa shule hufikiwa mwisho. Unapunguza gharama, lakini kila ngazi hufupisha muda na kuacha sehemu ya vitendo, hivyo kinachomfikia mwalimu ni maelezo ya maelezo.

Ushahidi wa Kiafrika upo. Nchini Afrika Kusini, katika jimbo la North West, watafiti walilinganisha shule za msingi ambazo walimu wake walipewa mafunzo ya pamoja kituoni na nyingine ambazo walimu walitembelewa darasani na kocha wa usomaji, huku maandalio ya masomo na vifaa vikiwa vilevile. Baada ya miaka 2, wanafunzi wa kundi la pili walipiga hatua katika kusoma iliyokaribia kuwa maradufu ya wale wa kundi la kwanza. Nchini Kenya, mpango wa kusoma wa Tusome, uliofikishwa nchi nzima mwaka 2015, nao ulijengwa juu ya maafisa wa mtaala waliokwenda shuleni wakiwa na vishikwambi, wakatazama somo na kuzungumza na mwalimu papo hapo. Tahadhari inahitajika hata hivyo: uchambuzi wa Matthew Kraft na wenzake wa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 60, ulionyesha kwamba ufuatiliaji wa aina hii huboresha ufundishaji na, kwa kiasi kidogo zaidi, matokeo ya wanafunzi, lakini faida hupungua mpango unapopanuliwa kwa walimu wengi. Huenda ubora wa anayefuatilia ndio unaopungua kwanza.

Leseni na vyeti vina nafasi gani?

Vina nafasi ya kuweka kiwango cha chini na kuwalinda wanafunzi na wachezaji dhidi ya mtu asiyejua kabisa. Shirikisho la Soka Afrika lina ngazi za leseni zinazoanzia D na kupanda hadi A na ya juu kabisa ya weledi. Leseni za UEFA huko Ulaya hudumu miaka 3, na kocha hutakiwa kukamilisha angalau saa 15 za mafunzo katika kipindi hicho ili ihuishwe. Kwa walimu wa Kenya, sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya mwaka 2012 iliweka msingi wa mafunzo ya lazima, na mpango wenyewe ulipozinduliwa mwaka 2021 ulimtaka mwalimu ajilipie ada ya shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka, jambo lililopingwa vikali na vyama vya walimu. Upinzani huo ulikuwa wa haki. Mwajiri anayelifanya jambo kuwa sharti la kazi anapaswa kulibebea gharama, na mwalimu aliyelazimishwa kununua mafunzo huyahesabu kama kodi.

Zaidi ya hapo, cheti huthibitisha kwamba mtu alihudhuria na kufaulu, hakithibitishi kwamba somo la Jumanne limebadilika. Watafiti wa ukocha, wakiwemo Christopher Cushion, Kathleen Armour na Robyn Jones katika makala yao ya mwaka 2003, wameonyesha kwamba makocha hujifunza zaidi kutokana na uzoefu na kutoka kwa makocha wenzao kuliko kwenye kozi rasmi. Haifuati kwamba kozi zifutwe. Kinachofuata ni kwamba kozi iunganishwe na uzoefu huo, kwa mfano kwa kumpa kocha kazi ya kufanya klabuni kwake na mkufunzi wa kuja kuitazama.

Kuna lolote ambalo walimu wanaweza kujifunza kwa makocha?

Lipo, na mfano wake unastahili kuelezwa kwa urefu. Katika msimu wa 1974 hadi 1975, wanasaikolojia wawili wa elimu, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa ukingoni mwa uwanja wa mazoezi wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha UCLA, California, na kurekodi kila alichokitenda kocha John Wooden, ambaye kabla ya umaarufu wake alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari na ambaye timu zake zilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 10. Katika takribani saa 30 za mazoezi walihesabu zaidi ya vitendo 2,300 vya kufundisha. Takribani robo tatu ya vitendo hivyo vilibeba taarifa, yaani vilimweleza mchezaji nini cha kufanya na namna ya kukifanya. Sifa tupu na karipio tupu vilikuwa sehemu ndogo, kila kimoja kikiwa karibu asilimia 7. Kauli zake zilikuwa fupi, naye mara nyingi alionyesha namna sahihi, akaigiza kosa la mchezaji, kisha akarudia tena ile sahihi. Ufupi huo ulitokana na maandalizi: Wooden alitumia muda mrefu kupanga zoezi moja na aliweka kumbukumbu za mazoezi ya miaka iliyopita ili alinganishe. Mwalimu anayeandika “jitahidi” pembeni mwa daftari la mwanafunzi anaweza kupima hapo tofauti kati ya mrejesho unaofundisha na maneno ya kutia moyo yasiyoonyesha njia.

Na makocha wajifunze nini kwa walimu?

Wajifunze utaratibu wa kuchunguza somo kwa pamoja, uliokomaa Japani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Walimu kadhaa huandaa somo moja, mmoja hulifundisha, wengine huketi darasani wakiwatazama wanafunzi badala ya mwalimu, kisha wote hukaa kulijadili na kulirekebisha kabla ya kufundishwa upya. Kinachojadiliwa ni somo, hivyo aliyefundisha hashtakiwi. Makocha wa timu za vijana za kata jirani wangeweza kufanya hivyo kwa zoezi moja la kupiga pasi, ingawa ushindani wa vilabu huwafanya wengi wafiche wanachojua.

Je, MEWAKA ya Tanzania inafuata mwelekeo huu?

Kwa muundo wake, ndiyo. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayofupishwa MEWAKA, yamehamishia kitovu cha mafunzo shuleni na kwenye vituo vya walimu, ambako walimu hukutana katika jumuiya za kujifunza ili kujadili mada zinazowatatiza, wakisaidiwa na moduli na mfumo wa kielektroniki wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama jumuiya hizo zinaishi. La kwanza ni muda: mkutano uliowekwa baada ya vipindi, mwalimu akiwa amechoka na nyumbani ni mbali, hugeuka kuwa wa kusaini daftari. La pili ni nani anayetazama darasa. Anayekuja kumsaidia mwalimu akiwa pia ndiye atakayeandika taarifa ya utendaji wake, mwalimu huonyesha somo lake bora na kuficha lile linalomshinda, wakati hilo la pili ndilo lenye haja ya msaada.

Shule au klabu isiyo na bajeti ianzie wapi?

Ianze na watu wawili na tatizo moja dogo, kwa mfano wanafunzi wanaoshindwa kugawanya sehemu au mabeki wanaopoteza mpira wanapokabwa. Wakubaliane mbinu moja, kila mmoja amtazame mwenzake akiitumia kwa wiki kadhaa, na waandike walichokiona kwa wanafunzi. Thomas Guskey, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba imani ya mwalimu hubadilika baada ya kuona matokeo kwa wanafunzi wake mwenyewe, hivyo hakuna haja ya kusubiri wote washawishike kwanza. Kinachohitajika ni ratiba inayowaruhusu wawili hao kuwa huru kwa wakati tofauti, na hilo limo ndani ya uwezo wa mwalimu mkuu au mwenyekiti wa klabu. Viongozi hao wanaombwa watenge angalau kipindi kimoja kwa wiki kwa kazi hiyo kuanzia muhula ujao, na wakilinde kipindi hicho kama wanavyolinda cha Hisabati.