Mwadi, Mwanamke Aliyekaa Mahali pa Mfalme

Mtu akitoka Kabambare, akishika njia ya kusini-magharibi, atafika Kongolo, kwenye mto Lualaba. Akiufuata mto huo kwa siku nyingi kuelekea unakotoka, ataingia katika maziwa ya Upemba. Hapo ni nchi ya Waluba. Mahali panapoitwa Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimbua makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta vyungu vizuri na mapambo ya shaba. Makaburi mengine yana miaka 1000 na zaidi. Katika nchi hiyo ulikua, baadaye, ufalme mkubwa. Mfalme wake aliitwa Mulopwe.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mahali pengi mfalme akifa, mwanawe hukaa katika nyumba ileile na kushika vyote. Kwa Waluba haikuwa hivyo. Mji wa mfalme aliyekufa ulibaki kuwa mji wake, ukaitwa kitenta. Roho yake, walisema, ilimshika mwanamke mmoja, naye akaitwa Mwadi. Tangu siku hiyo watu walimhesabu kuwa ndiye mfalme mwenyewe. Alipewa jina la mfalme, fimbo zake, wazee wa baraza lake, hata wake zake. Ndiyo, hata wake zake, msicheke. Mwadi akifa, mwanamke mwingine wa ukoo wake alishika kazi ile.

Na mfalme mpya je? Alihama, akajenga mji wake mahali pengine. Lakini hakuwa huru kabisa. Ilimpasa kupeleka zawadi kwa Mwadi na kulisikiliza shauri lake. Mzee wa baraza akimpinga, aliweza kumfukuza. Lakini baba yake akimpinga kwa kinywa cha mwanamke, angemfanyaje?

Tazameni pia viti vya wafalme hao. Mara nyingi kiti kimechongwa juu ya sura ya mwanamke anayekibeba kwa kichwa na mikono. Mgeni hudhani ni mtumwa. Sivyo: Waluba walionyesha nani anauchukua ufalme.

Jirani zao Walunda walikuwa na Lukonkeshia. Mjerumani Pogge alifika Musumba, mji wa mfalme wao Mwata Yamvo, mwaka 1875. Lukonkeshia aliitwa mama wa mfalme, ingawa hakumzaa. Alikuwa na baraza lake, vijiji vyake na kodi yake, na mfalme mpya hakuchaguliwa bila neno lake.

Maswali

1. Kitenta ni nini?
2. Kwa nini mfalme mpya hakuweza kumdharau Mwadi?
3. Lukonkeshia alikuwa na mali gani iliyo yake mwenyewe?
4. Waulizeni wazee nyumbani: sultani anapochaguliwa, ni mwanamke gani wa ukoo huitwa kusema shauri?