Tumbo huvurugika asubuhi ya mtihani

*Daktari, mimi ni msichana wa kidato cha nne, Morogoro. Kwenye mtihani wa majaribio nilikesha nikisoma baolojia. Asubuhi tumbo likavurugika, mikono ikatetemeka, nikasahau hata nilichokijua. Mtihani wa Novemba utakuwaje?*
*Mwenye Hofu*

Mwanangu, hukusahau, ulichoka, na hofu ikakuzidi. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini: moyo huenda mbio, tumbo huvurugika, na akili hushikwa na hofu yenyewe badala ya swali. Hali hii huwapata hata wanaoongoza darasani.

Kilichokuponza zaidi ni kukesha. Ubongo hupanga na kuhifadhi uliyosoma wakati umelala, kwa hiyo ulijinyima kilekile ulichokuwa unakitafuta. Jioni pitia muhtasari wako tu, weka tayari kalamu, rula na namba yako ya mtihani, na saa tatu usiku uwe kitandani. Asubuhi kunywa uji, au chai kwa kiazi kitamu, hata kidogo. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa, vitazidisha kutetemeka. Nje ya chumba, kaa mbali na wanaoulizana maswali. Hao huambukizana hofu. Ukishaketi, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi, mara 5, kisha anza na swali unaloliweza.

Ukizimia, ukikosa usingizi wiki kadhaa, au ukiwaza kujidhuru, usingoje Novemba. Mwambie mama au mwalimu wa malezi leo hii, akupeleke kituo cha afya.